Duathloni kabla ya Ironman 70.3: inafaa sana, ila usiiamini saa yake

Nililipa shilingi 70,000 za kushiriki duathloni, usiku nikalala usingizi wa mang'amung'amu, na kufika saa tatu asubuhi nilikuwa natembea kando ya lami ya Kisongo, nje kidogo ya Arusha, nimeshika kiuno, nikijiuliza nani kanituma. Ada yangu sijaijutia hata shilingi.

Agosti naenda Rubavu, Rwanda, kwenye Ironman 70.3 inayofanyika pale Ziwa Kivu tangu 2022. Unaogelea km 1.9, unaendesha baiskeli km 90, unamalizia na km 21.1 za kukimbia. Jumla yake ni maili 70.3, na jina limetoka hapo. Mimi mzaliwa wa mbio za miguu. Baiskeli nimeianza mwaka juzi, na kuogelea nimejifunza ukubwani, bado nakunywa maji ya bwawa zaidi ya inavyotakiwa. Kwa hiyo niliposikia kuna duathloni hapa hapa Arusha wiki tano kabla ya safari, nilijiandikisha siku hiyo hiyo. Unakimbia, unaendesha, unakimbia tena, na hakuna wa kukuzamisha. Ya kwetu ilikuwa km 10, km 40, km 5, vipimo vya kawaida vya mchezo huu. Kule Zofingen, Uswisi, kwenye duathloni ndefu iitwayo Powerman, wanakimbia 10, wanaendesha 150, halafu wanakimbia 30. Hao tuwaachie wenyewe.

Tulianza saa kumi na mbili na nusu. Baridi ya Arusha ya Julai mnaijua. Mpango wangu ulikuwa kumaliza zile km 10 kwa dakika 52, nimeuandika kwa kalamu mkononi kabisa. Kosa likawa kusimama mstari wa mbele. King'ora kilipolia, vijana wa Arusha waliondoka kama wamesikia kuna mgao, na mimi, kwa kuwa kukimbia ndiko ninakojidai nako, nikaondoka nao. Pumzi ilikuwa nzuri na miguu myepesi. Kila kilomita saa ikinionyesha 4:30, 4:35, nilikuwa najiambia leo niko vizuri tu, nitapunguza baadaye. Nikamaliza kwa 46:10. Mkono wenye 52 nilikuwa nimeuvutia sweta.

Kwenye eneo la kubadilishia, pale unapotoka kukimbia na kuchukua baiskeli, kuna sheria wanayoishikilia kuliko zote: baiskeli haitoki kwenye reli ya kuitundikia kabla kofia haijafungwa kidevuni. Nyumbani nilifanya zoezi hilo mara ishirini mbele ya kioo. Pale, vidole vimekufa ganzi, kile kibano cha plastiki kilinishinda. Kinateleza, kinabana ngozi ya shingo, kinateleza tena. Msimamizi amesimama pembeni, mpole kabisa: "Kaka, usiwe na haraka, kofia kwanza." Dakika mbili na sekunde arobaini zikaishia hapo, na raba nilikuwa bado sijazivua. Kama unajiuliza duathloni inakupa nini ambacho mazoezi ya Jumapili hayakupi, jibu lipo hapo. Mkono unaotetemeka hauwezi kuufanyia mazoezi mbele ya kioo.

Baiskeli ilikuwa mizunguko miwili kuelekea Meserani na kurudi. Kwenda, upepo unakusukuma mgongoni na milima ya Monduli iko mbele yako, unajiona bingwa. Kurudi, Meru iko mbele na upepo ule ule unakupiga kifuani. Mzunguko wa kwanza nilijibana kwenye kundi la watu watano, tunapokezana kukata upepo, kwa sababu kwetu iliruhusiwa. Mzunguko wa pili kundi likaniacha kwenye kona ya kugeuzia. Nilishusha gia kwa pupa, mnyororo ukaruka. Kuurudisha hakukuchukua hata dakika, ila vidole vikabaki vyeusi vya grisi, na ndizi niliyopewa mbele kidogo niliila na grisi yake.

Chakula nacho kilinifundisha. Zile pakiti za jeli za kuongeza nguvu, za kuagiza, ni ghali, nami nilijifanya mjanja: tende nne zilizotolewa kokwa nikazibandika kwenye bomba la juu la baiskeli kwa plasta, na mfukoni nikaweka kashata za karanga. Tende ziko sawa kabisa, unabandua moja, unatafuna mara tatu, imeshuka. Kashata ndugu zangu ni ya kula umekaa na kahawa. Ukiwa unahema kwa mdomo, chembe za karanga zinaingia kusikotakiwa, na kipande kikubwa kikagandia meno ya nyuma kwa kilomita nzima.

Km 40 zikaisha kwa saa 1:28:30.

Halafu nikashuka. Wote walionitangulia waliniambia miguu itakuwa mizito, mimi nikaelewa ni uchovu. Siyo uchovu. Ni miguu ya mtu mwingine. Umezungusha pedali saa moja na nusu, nyonga zimezoea kukaa zimekunjwa, mapaja ya mbele yameshaliwa, na ghafla unaiambia miguu ipige hatua ndefu. Haikuelewi. Nilikuwa naona kama nakimbia sana, natazama saa, 6:50 kwa kilomita. Kilomita ya pili paja la kulia likakaza, nikaanza kutembea. Mama mmoja alikuwa kando ya barabara anapanga ndizi zake. Nikamsalimia, maana kupita kimya kwa hali ile ilikuwa aibu zaidi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Pole. Baiskeli umeiacha wapi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nikasema iko kule nyuma, nzima. Akanitazama kwa huruma ya mtu anayejua anadanganywa, akaniambia kaza mwanangu, karibu utafika. Nilikaza. Zile km 5 zilinichukua 33:20, yaani 6:40 kwa kilomita, mimi niliyekimbia 4:37 asubuhi hiyo hiyo. Jumla saa 2:52:30.

Kuhusu maandalizi: reli za baiskeli zilikuwa imara, namba zinasomeka, wahudumu wana heshima. Barabara ndiyo iliyonikera. Haikufungwa, askari walikuwa kwenye kona ya kugeuzia tu, na malori ya masafa yalikuwa yanatupita kama tuko sokoni. Mzunguko wa pili nilisimama kabisa kupisha punda wanne wenye madumu ya maji, hao siwalaumu, ni kwao. Maji yalitolewa kwenye chupa zilizofungwa kizibo. Jaribu kufungua kizibo kwa mkono mmoja huku unaendesha, halafu uniambie.

Sasa kwa anayefikiria duathloni kama maandalizi ya mbio ndefu. Mikono, tumbo na kichwa inakupima kwelikweli. Saa yake ndiyo usiichukue ukaipigia hesabu. Mimi jioni ile nilikaa na kikokotoo: km 27 kwa saa, basi km 90 ni kama saa tatu na dakika ishirini. Hesabu ya uongo. Nusu ya mwendo ule niliuazima kwenye migongo ya wenzangu, na Rubavu kukaa nyuma ya gurudumu la mtu ni marufuku, mita 12 kati yenu, la sivyo unaadhibiwa. Tena pale utakuwa umetoka majini, mabega yamechoka na miguu bado mizima. Kwetu ilikuwa kinyume chake. Kitu kinachofanana kweli ni hewa, maana Kivu iko mita 1,460 hivi juu ya bahari na Arusha inakaribia 1,400. Halafu Rwanda wanaendesha kulia! Hili hakuna duathloni ya Tanzania itakayokuzoesha. Mimi sasa nikiwa kwenye njia ya vumbi isiyo na magari najilazimisha kushika kulia, na watu wa mtaani wameshaanza kunitazama vibaya.

Tangu siku ile nimebadilisha vitu vichache. Kila Jumamosi nikishuka kwenye baiskeli navaa raba hapo hapo na kukimbia dakika 20, hata kama ni kwa kujikokota. Kofia nimeibadilisha, hii ina kibano cha sumaku. Kilomita tatu za kwanza za mbio sitazami saa, nahesabu pumzi. Tende nimeshanunua kilo nzima. Kashata nimewaachia watoto.