Porsche 911 Turbo S Cabriolet: maoni ya dereva wa malori

Wanaolipigia debe Porsche 911 Turbo S Cabriolet, hili la paa la turubai la mwaka 2020, huanza na namba, na namba zenyewe si za mchezo: injini ya lita 3.8, silinda sita zilizolala ubavu, turbo mbili (feni zinazozungushwa na moshi wa injini ili kuipulizia hewa zaidi), nguvu za farasi 650, sifuri hadi kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 2.8, na mwendo wa juu kabisa wa kilomita 330 kwa saa. Mimi nasema kitu cha maana zaidi kwenye gari hili ni kitufe kidogo cha paa. Wapenzi wa 911 wana ubishi wa siku nyingi, kwamba anayejua kuendesha achukue lenye paa la chuma, hilo la turubai waachiwe wanaotaka kuonekana. Nimeliendesha hili la turubai kwenye lami nzuri na mbovu, juani na mvuani, na ubishi huo nimehama upande. Kwa Turbo S hasa, la turubai ndilo la dereva.

Kazi yangu ni kuvuta tela. Gari ni la shemeji yangu, naye alitaka mtu wa kulitembeza akiwa safarini, maana magari haya ukiyaacha yakae tu betri inalala. Wakati wa kunikabidhi hakuwa na mengi.

"Shemeji, angalia rimu."

Nilidhani ananitania mpaka nilipoinama kulikagua tairi la nyuma: 315/30, yaani upana milimita 315 na ukuta asilimia 30 ya upana huo, rimu ya inchi 21. Ukuta wa mpira haufiki sentimita kumi. Ukigusa ukingo wa barabara kwa uzembe hakuna cha kukuokoa, rimu inaliwa hapo hapo. Mbele ni 255/35, inchi 20. Kwa hiyo ile hesabu yetu ya kuhamisha matairi ya nyuma kwenda mbele ili yaishe sawasawa, huku haipo.

Kuingia ndani ni kushuka. Nimezoea kuyatazama magari madogo kuanzia juu ya mapaa yake, na ghafla nati za magurudumu ya lori zikawa sawa na macho yangu. Kitasa cha kuwashia kiko upande wa mlango, unakizungusha kama ulivyokuwa unazungusha ufunguo. Katikati ya dashibodi kuna saa moja ya mizunguko ya injini yenye mshale wa kweli, na pembeni yake skrini zinazochora saa nyingine nne. Mbili za mwisho kabisa, kushoto na kulia, zinajificha nyuma ya usukani, na kila nilipotaka kuona mafuta ilinibidi nisogeze kichwa. Watu wengi wamelilalamikia hili kwenye 911 za kizazi hiki, ambacho Porsche wanakiita 992. Unazoea, ila hupendi.

Turbo ndiyo sehemu niliyotaka sana kuijua, maana ndiyo inayonilisha. Kila dereva wa lori anakifahamu kile kipindi cha kungoja: umekanyaga mafuta, hakuna kitu, halafu mzigo unaanza kusogea. Turbo kubwa inapuliza vizuri injini ikiwa juu lakini inachelewa kuamka. Ndogo inaamka mapema, halafu inaishiwa pumzi. Dawa yake kwenye dizeli ni kuizungushia ndani vibati vidogo vinavyobadili pembe. Moshi ukiwa mdogo vinabana njia ili upite kwa kasi, na ukiwa mwingi vinafunguka. Kwenye petroli mambo yalikuwa magumu kwa miaka mingi kwa sababu ya joto, maana moshi wa petroli unaweza kufika karibu nyuzi 1,000 za selsiasi, na vyuma vilivyozoea dizeli havihimili hapo. Porsche walitumia vyuma vinavyovumilia joto hilo na kuiingiza teknolojia hiyo kwenye 911 Turbo mwaka 2006. Hili ninaloliandika, la mwaka 2020, ni mjukuu wa kazi ile.

Matokeo yake unayasikia kwenye mguu. Mvuto wake, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, ni nyutoni-mita (Nm) 800, na wote uko mkononi kuanzia mizunguko 2,500 kwa dakika hadi 4,000. Injini ya lori ya lita 13 inaweza kutoa Nm 2,500, lakini ile inakokota tani arobaini. Hii inasukuma kilo 1,710. Ukiovateki huna haja ya kupanga. Unaona nafasi, unakanyaga nusu tu, giaboksi ya gia nane inashuka gia mbili kabla hujamaliza kufikiri, na lile gari lililokuwa mbele sasa unalitafuta kwenye kioo.

Nilijaribu na ule mwanzo wa kasi, kwenye uwanja uliofungwa wa mazoezi ya udereva. Unaweka Sport Plus, mpangilio wa mbio, mguu wa kushoto kwenye breki, wa kulia unazamisha mafuta mpaka chini, injini inapanda na kujishikilia yenyewe karibu na mizunguko 5,000, kisha unaachia breki. Magurudumu yote manne yanashika, hakuna kuteleza, hakuna moshi. Shingo inarudi kwenye kiti na tumbo linabaki ulikotoka. Ni kitu cha kufanya mara chache, hasa kuwaonyesha wageni. Baada ya hapo hakikufundishi chochote kipya kuhusu gari.

Sasa tuje kwenye paa. Likiwa limefungwa, gari hili linadanganya. Ndani ya turubai wameweka vipande vya magnesi, chuma chepesi, ili lisipepee na umbo lake lisiharibike, na limeziba kelele vizuri kiasi kwamba kilomita 140 zinafanana na 90. Unatupa jicho kwenye dashibodi unakuta uko kwenye mwendo wa kunyang'anywa leseni, na mwili wako haujakuambia kitu. Wengine wataiita starehe. Mimi naona ni hatari, tena inachosha, kwa sababu inakubidi uendeshe kwa kusoma namba badala ya kuendesha kwa masikio.

Ukilifungua, mambo yanabadilika kabisa. Unashikilia kitufe, sekunde 12 hivi paa limekunjika na kulala nyuma ya viti, na huna haja ya kusimama, mradi uko chini ya kilomita 50 kwa saa. Injini ya 911 iko nyuma ya ekseli ya nyuma, maana yake iko nyuma ya shingo yako, na sasa hakuna kitu katikati yenu. Unaisikia ikivuta hewa. Unaisikia turbo ikianza filimbi nyembamba kabla gari halijaruka, kwa hiyo unajua nguvu inakuja lini na kwa kiasi gani. Ukiachia mafuta kuna mlio wa kushusha pumzi, mfupi, na baada yake silinda sita zinanguruma chini chini. Nikiwa na paa la wazi nilikuwa nakata kona za mlimani bila kuitazama saa ya mizunguko hata kidogo. Tena nilikuwa naendesha polepole zaidi na kufurahi zaidi. Kilomita 80 kwa saa, uso ukipigwa upepo, zinakutosha.

Siku moja nilikuwa sambamba na lori kwenye mwinuko, paa wazi, nikasikia kofi. Paf, paf, paf, laini, linaloongezeka lori likiongeza mwendo. Kwa dereva wa tela hiyo haihitaji kuambiwa: tairi la ndani kwenye jozi ya nyuma limeisha upepo na linajipiga. Dereva wake alikuwa juu kule na vioo amefunga, hana habari, na tairi la namna hiyo likizidi joto linaweza kuwaka moto. Nikampigia honi, nikamnyooshea kidole nyuma kisha nikazungusha kiganja. Aliniangalia kwanza kwa dharau, kama unavyomwangalia tajiri anayekupungia mkono, halafu akaelewa, akaweka indiketa na kusogea pembeni. Tingo wake alishuka na nyundo kabla lori halijasimama vizuri. Ndani ya 911 ya paa la chuma, na redio yake nzuri ile, nisingesikia kitu.

Gari lenyewe nalo, kumbe, lina masikio. Kwenye mifuko ya magurudumu ya mbele kuna vihisi vinavyosikiliza maji yakirushwa na matairi. Barabara ikiwa imelowa sana, dashibodi inakushauri uhamie kwenye mpangilio wa mvua, ambao unalainisha mafuta na kulifanya gari lishike njia kwa tahadhari zaidi. Ushauri unatolewa, uamuzi unabaki wako. Nimekutana na vifaa vingi vya usalama vinavyonyang'anya usukani. Hiki kina adabu.

Upepo una dawa yake pia. Nyuma ya viti vya mbele kuna wavu unaoinuka wenyewe kwa sekunde mbili ukibonyeza kitufe, na unakubali kuinuka hata ukiwa kwenye kilomita 120. Pasipo wavu, hewa inazunguka na kurudi kukupiga kisogoni, na mtu wa pembeni mnaongea kwa kupiga kelele. Ukiwepo mnazungumza kawaida mpaka karibu na kilomita 100, zaidi ya hapo mnaokota neno moja moja. Ila wavu unafunika viti vya nyuma, navyo kusema kweli si viti, ni mahali pa kuweka mkoba na koti. Buti iko mbele, lita 128, begi moja la safari na lingine dogo basi.

Breki zinastahili aya yake. Anayeshuka mlima na mzigo ana hofu moja, breki kupata moto na kulegea. Turbo S hii ya 2020 ilikuja na diski za kauri, milimita 420 mbele na 390 nyuma, uzito wake karibu nusu ya zile za chuma, na joto hazilijali sana. Nililiteremsha kwenye mteremko mrefu wa kona nyingi nikilifanyia ukatili wa makusudi, na pedali ilibaki pale pale, ngumu, urefu ule ule kuanzia kona ya juu mpaka bondeni. Ukikanyaga kwa nguvu ukiwa kwenye kasi, bawa la nyuma linasimama wima kusaidia kukamata upepo. Unaliona kwenye kioo likijaa ghafla. Mara ya kwanza nilidhani kuna gari limenigandia nyuma.

Wanaotetea paa la chuma wana hoja mbili, uzito na uimara. Ukikata paa lazima uongeze vyuma chini, na hilo limeongeza kilo 70. Kwenye kupanda kasi umepoteza sehemu moja ya kumi ya sekunde, maana lenye paa linatumia 2.7. Mtu anayeweza kuihisi tofauti hiyo kwa makalio yake anipigie simu. Uimara ninauheshimu zaidi. Kwenye lami yenye mabaka, ukishika fremu ya kioo cha mbele kwa vidole, unahisi mtikisiko mdogo, ambao kwenye gari lenye paa haupo. Kwenye usukani haufiki. Kuhusu kupinduka, mwaka 1965 Porsche walipoleta 911 ya wazi walileta Targa, yenye upinde mpana wa chuma nyuma ya viti, na la wazi kabisa halikuja mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Siku hizi vyuma hivyo vimefichwa nyuma ya viti vya nyuma, vinachomoka vyenyewe gari likianza kupinduka. Sikuvijaribu.

Kuna mambo ya kuvumilia. Matairi mapana hivyo kwenye lami ya kokoto yanatoa mngurumo usioisha. Paa likifungwa, kioo cha nyuma ni kidogo na pembe ya nyuma ni giza, kwa hiyo kurudi nyuma unategemea kamera. Springi ni ngumu hata kwenye mpangilio laini, na mtu mwenye mgongo wa kazi kama wangu anashuka akijinyoosha. Vumbi likikupata paa liko wazi unalila lote. Na jua la mchana wa wazi halina mzaha. Asubuhi na jioni ndiyo saa zake.

Mvua ya ghafla ilinikuta barabara kuu paa likiwa wazi. Ukiwa na mwendo wa kutosha matone yanapita juu ya kichwa na kuishia nyuma, karibu hulowi. Shida ni kwamba ili ulifunge lazima ushuke chini ya kilomita 50, na hapo ndipo unapolowa. Tafuta daraja la juu au kituo cha mafuta, funga, endelea.

Ukienda kulijaribu, muuzaji atakupeleka kwenye barabara iliyonyooka ili akuonyeshe mbio. Muombe muende kwenye yenye kona na mabaka, kwanza paa likiwa limefungwa, kisha urudi njia ile ile limefunguliwa, redio imezimwa. Muulize na bei ya jozi moja ya matairi ya nyuma kabla hamjazungumza lolote kuhusu rangi.