Aliniuzia kitabu, akaniibia mwisho wake

Naanza na yule kijana wa kaunta, maana bila yeye nisingekuwa hapa naandika.

Kitabu nilikisubiri wiki tatu, pengine zaidi kidogo. Duka ni moja la katikati ya jiji hapa Dar, jina silitaji. Nilikuwa nimetanguliza nusu ya bei, nikaenda kumalizia nusu iliyobaki siku mshahara ulipoingia. Kijana akakitoa chini ya kaunta, akakifuta vumbi kwa kiganja, akaanza kuniandikia risiti. Kalamu bado iko kwenye karatasi, hata kuniangalia haniangalii, akasema, "Hiki nimekisoma, dada. Kinauma hiki, maana mwishoni unakuja kujua kwamba..." Akamalizia. Sentensi nzima, mpaka nukta.

Kitabu chenyewe ni We Were Liars cha mwandishi wa Marekani, E. Lockhart. Kimetoka mwaka 2014, na tangu hapo wanaokipenda wana ahadi moja kati yao: mwisho hausemwi. Nyuma ya jalada la nakala yangu imeandikwa kabisa, kwamba ukiulizwa kinaishaje, danganya. Yule kijana alikuwa amekishika kwa upande huo huo.

Nikamwambia, "Kaka, sasa mbona umenitobolea?"

Akapandisha mabega. "Si utakisoma mwenyewe? Hadithi tu hiyo."

Akanipa chenji, akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Niseme ukweli, nilipanda mwendokasi huku mikono inatetemeka. Kwa mtu mwingine ni jambo dogo, najua. Mimi riwaya ninayonunua mpya, siyo ya kuazima wala ya mtumba, ni moja kwa miezi kadhaa. Ninachonunua siyo karatasi. Nanunua zile jioni mbili tatu za kutojua. Huyu kachukua hela yangu, na hapo hapo kachukua kile nilichokuja kununua. Na samahani hakusema. Hiyo ndiyo iliyonichoma kuliko yote.

Kitabu kikakaa juu ya kabati kama wiki hivi. Maoni yangu kichwani yalishakuwa tayari: nyota moja, msipoteze hela zenu. Kitabu kinachokufa kwa sentensi moja ya muuzaji kina uhai gani? Ngano za bibi tulikuwa tunazijua kuanzia "paukwa" mpaka sungura anaponyoka, na bado tulimbembeleza azirudie. Nilikuwa na hoja hiyo na niliiamini.

Basi nikakisoma, kwa hasira tu.

Mwanzo haukunisaidia kutulia. Cadence, msichana anayesimulia, anakaribia miaka 18. Anaeleza siku baba yake alipoihama nyumba: anasema baba alitoa bastola akampiga risasi kifuani, damu ikamwagika mpaka kwenye majani. Nilirudia mara tatu ndipo nikaelewa kwamba hakuna risasi, ni uchungu wake tu anausema hivyo, na mama yake amesimama pembeni akimtaka ajikaze, asionyeshe. Tena mwandishi ana tabia ya kukata sentensi.

Hivi.

Mistari mifupi mifupi, kama shairi guni. Kurasa za kwanza ilinikera kweli. Baadaye nikaizoea, na mbele zaidi nikaona inafaa, kwa sababu Cadence ana kipandauso kibaya na kumbukumbu zake zimekatika. Kiangazi kimoja, akiwa na miaka 15, alipata ajali kwenye kisiwa cha familia yao. Alikutwa ufukweni, amejikunyata. Hakumbuki ilikuwaje. Kila anayemuuliza hamjibu; mama anasema madaktari wameshauri akumbuke mwenyewe. Akirudi kisiwani miaka miwili baadaye anakuta nyumba ya babu imejengwa upya, ya kisasa, na hakuna mtu anayetaka kuizungumzia. Hiyo ndiyo fumbo, na hapo naishia.

Ila jamani, ile familia! Kisiwa kinaitwa Beechwood, kando ya Massachusetts, mali ya mzee mmoja, Harris Sinclair. Ana mabinti watatu, na kila mmoja kajengewa nyumba yake humo humo. Nilidhani matajiri wa huko hatufanani nao kwa lolote. Kumbe! Bibi akishafariki, mabinti wanaanza kugombania mali za mama yao, mpaka vitambaa vya meza, na nyumba ya Boston nayo kila mmoja anaitaka. Mama yake Cadence anamsukuma mtoto aende akamwambie babu anavyoipenda nyumba yao, ili mzee aone huruma wakati wa kugawa. Nani kati yetu hajakaa kwenye kikao cha mirathi, wajomba na mashangazi wanabishana mpaka juu ya vyombo vya marehemu, na watoto wanasikiliza nyuma ya pazia? Babu mwenyewe anafurahia kuwachezesha mabinti, kama mfalme wa Shakespeare, Lear, na mwandishi hafichi kwamba kaanzia huko. Katikati ya sura anatia ngano ndogo ndogo za mfalme mwenye mabinti watatu. Hizo ngano ndizo nilizozipenda kuliko vyote. Au tuseme ndizo nilizozipenda mpaka nilipofika kwa Gat.

Gat ni mpwa wa mwanamume anayeishi na mama mkubwa wa Cadence, asili yao India. Amekuwa akija kisiwani kila kiangazi tangu akiwa na miaka minane. Analala pale, anakula pale, anaogelea na wajukuu, na bado mzee hamhesabu. Yeye mwenyewe anaona, na anajifananisha na Heathcliff, yule kijana wa kuokotwa kwenye riwaya ya Emily Brontë. Yeye ndiye anayethubutu kuuliza kwa nini mtu mmoja awe na kisiwa kizima. Mapenzi yake na Cadence siyo ya kubebana juu ya farasi. Ni watoto wawili waliokua pamoja, kiangazi kimoja wanatazamana na kila kitu kimebadilika, na juu ya ngazi yupo babu anaangalia.

Hapo ndipo hukumu yangu ilipoanza kupinduka. Kwa kuwa nilijua mwisho, kila Gat aliposogea karibu na Cadence nilifunga kitabu, kidole kikiwa ndani, nikavuta pumzi kwanza. Na niliona jinsi mwandishi alivyo mwaminifu. Hakuficha kitu. Dalili zote kaziweka peupe, tangu mapema. Siwezi kutoa hata mfano mmoja bila kuwafanyia nilivyofanyiwa.

Kwa hiyo hoja yangu ya ngano za bibi ilikuwa kweli, kitabu hakijafa. Nyota nne. Ingekuwa tano, ila lile jambo lenyewe la mwishoni, namna vijana wenye akili zao walivyolipanga, kwangu bado halikai sawa. Wamepanga kizembe mno. Hapana, nafuta, iwe tano. Miaka 15 na mimi nilifanya mambo kwa akili hiyo hiyo.

Lakini duka lile halijasamehewa. Wiki iliyopita nilimpa kitabu mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yuko kidato cha tano, amekuja likizo. Nilimkataza asitafute chochote kwenye simu, maana tangu tamthilia yake itoke mwaka 2025 mwisho umezagaa kila mahali. Siku ya pili, usiku umeshakuwa mwingi, nikasikia kimya sebuleni, kile kimya cha mtu aliyeacha kufunua kurasa. Akaja, akakaa ukingoni mwa kitanda changu. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akarudi ukurasa wa kwanza, kwenye ramani ya kisiwa na orodha ya ukoo, akaanza kufuata majina kwa kidole.

"Dada," akasema, "vilikuwepo hapa hapa vyote."

Machozi yanamtoka na hayafuti. Nilimwangalia usoni, nikaona kitu kile ambacho kijana wa kaunta alinichukulia huku anaandika risiti.

"Na wewe ulipofika pale ulifanyaje?" akaniuliza.

Nikamwambia nililia. Sikulia. Nilikuwa nasubiri tu ukurasa ufike.