Boksi la vyumba viwili au maboksi mawili?

Sato wa kukaanga na kachumbari havipatani ndani ya boksi moja, hata lile la karatasi ngumu lenye kizuizi katikati. Kizuizi kinazuia mchuzi tu. Mvuke unapanda hadi kwenye mfuniko, unageuka maji, na kachumbari inafika vuguvugu huku ngozi ya samaki imelegea. Ukitoboa matundu upande wa moto, afadhali kidogo.

Maboksi mawili yana gharama zaidi na yanajaza mfuko mbadala upesi (mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Juni 2019). Ila mteja anayevuka ziwa na feri ya Kamanga, hapa Mwanza, namfungia mawili. Wa hapahapa Kirumba, anayekula baada ya dakika tano, moja linamtosha. Pilipili naweka pembeni.