Nimechapisha ramani mbili za kale Dodoma mjini: rangi safi, pambizo zimeliwa

Mimi ni mwalimu wa jiografia, na ukuta wa darasa langu ulikuwa mtupu tangu nihamie shule hii. Mwezi uliopita nikabeba flashi yangu hadi steshenari moja upande wa stesheni ya reli, ile yenye plota ya kutolea michoro ya nyumba. Nilitaka ramani mbili za saizi ya A1, kisha zitiwe fremu ya mninga na kioo. Kuchapa elfu thelathini na tano kila moja, fremu elfu hamsini. Kwa mji huu wa viwanja na wahandisi, bei hiyo sikuigombea.

Ya kwanza ni ile ya wamisionari Erhardt na Rebmann ya mwaka 1856. Imetoka vizuri mno, hata vijimaandishi vidogo vinasomeka bila miwani. Katikati ya bara kuna ziwa moja la ajabu, limejinyoosha kama konokono asiye na gamba: Bahari ya Uniamesi, yaani Unyamwezi. Wachoraji wenyewe hawakulitia machoni. Walikaa pwani wakawauliza watu wa misafara. Wa njia ya Kilwa akasema mwisho wa safari ni maji. Aliyekatiza Ugogo hadi Ujiji naye akasema ni maji. Basi wakayaunga. Wanafunzi hucheka, nami huwaambia wasiwacheke walioulizwa, maana wao walisema kweli. Kosa liko kwenye kuunga: yalikuwa maziwa mbalimbali. Ramani hiyo iliwatia hamu wanajiografia wa London, wakawatuma wapelelezi Burton na Speke, ambao mwaka 1857 waliondoka pwani wakapita huku huku kwetu Ugogo. Speke alipoliona Ziwa Viktoria mwaka 1858, konokono alikuwa ameshakatika vipande.

Sasa ya pili, ya koloni la Wajerumani. Nilipoifuata, kijana wa kompyuta alinipokea kwa tabasamu. "Shikamoo mwalimu. Ile nyeupe ya pembeni nimekutolea, ilikuwa na madoa na maandishi ya Kijerumani tu, ingebana fremu."

Maandishi ya Kijerumani tu! Ndiyo yaliyokuwa jina la ramani, kipimo, mchapaji na mwaka. Mbaya zaidi, faili lililokatwa alilihifadhi juu ya lile la awali kwenye flashi yangu. Alipunguza elfu kumi, nikapokea, lakini moyo haukutulia.

Tukaanza kuutafuta mwaka darasani. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914. Kwenye ramani yangu mstari mzito unakomea Morogoro. Kuja huku ni nukta nukta. Kwa hiyo ni kati ya 1907 na 1910. Na tazama herufi: Kilimatinde, penye boma la Wajerumani, imeandikwa kwa wino mzito, Mpwapwa pia. Dodoma nusura uipite. Binti mmoja Mgogo akasoma "Marenga Mkali" kati ya Mpwapwa na huku, akaguna: malenga kwao ni maji, na mkali ni Kiswahili. Ni ile nyika ya maji ya chumvi iliyowatesa wapagazi, na jina lenyewe linanukia midomo yao, lugha mbili kwenye mzigo mmoja. Mjerumani yeye kaandika tu alichosikia.

Fundi fremu simlaumu hata kidogo. Pembe zimekutana sawasawa, kioo hakichezi, na ndoano kaweka mbili.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Nenda asubuhi, kwa sababu umeme ukikatika plota inaanza upya na karatasi inahesabiwa kwako. Acha faili la asili nyumbani, peleka nakala. Na mwambie kijana, tena mwandikie kwenye risiti: USIKATE PEMBENI.