Printa ya Mtandao kwenye Linux: Poti 631 au Poti 9100?

Katika ofisi ndogo za Mombasa, tuseme ya wakala wa forodha karibu na Kilindini, printa moja ya mtandao huhudumia kompyuta kadhaa, na ile yenye Linux ikishindwa kuchapisha, yafaa kwanza kujua imeunganishwa kwa njia gani: itifaki ya IPP, yaani kanuni za mazungumzo kati ya kompyuta na printa, kupitia poti (mlango wa mawasiliano ya mtandao) 631, au data inayotumwa moja kwa moja kwenye poti 9100.

Mimi huipendelea IPP, kwa kuwa printa hujibu: huieleza CUPS, programu ya Linux inayosimamia uchapishaji, kwamba karatasi zimekwisha, wino umepungua au kazi imekataliwa, na hali ya foleni ya kuchapisha husomwa kwa amri ya lpstat -p. Aidha, printa nyingi za kisasa zinazotumia njia hii hazihitaji draiva maalumu, yaani programu ya kutafsiri kazi kwa lugha ya printa. Poti 9100 kwa kawaida hupokea tu. Ukikosea draiva, printa itamwaga kurasa za herufi zisizosomeka huku kompyuta ikiamini kazi imekamilika. Hata hivyo, printa kuukuu mara nyingi haziachi chaguo jingine.

Umeme ukikatika na kurudi, ruta yaweza kuipa printa anwani mpya, na hapo njia zote mbili hukwama iwapo foleni ilisajiliwa kwa anwani ya zamani.