Mshipi wa Kuvulia Trauti Kwenye Maji ya Baridi: Upi Ununue, Upi Uuache Dukani

Mwezi wa Julai mwaka jana nilisimama katika mto mdogo unaotoka chini ya bwawa la shamba moja la chai huko Mufindi, maji yakinifika magotini na ukungu ukiwa bado haujainuka, nikaanza kuurusha mshipi mpya ambao nilikuwa nimeununua Dar es Salaam kwa shilingi 240,000. Mshipi ule ulitoka kwenye rili, yaani gurudumu la kuuzungushia, ukiwa umejiviringa pete kwa pete kama springi ya godoro kuukuu, na haukunyooka hata nilipoukamata kwa mikono miwili nikauvuta. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kuvua trauti kwa nzi wa bandia (ndoana iliyovishwa ifanane na mdudu) tangu nikiwa darasa la sita, aliutazama ukielea juu ya maji na mikunjo yake yote, kisha akaniuliza kwa upole, "Mpwa wangu, waya huu wa kuanikia nguo amekuuzia nani?"

Aliyeniuzia ni kijana mchangamfu wa duka la vifaa vya uvuvi wa baharini. Sanduku la mshipi lilikuwa limeandikwa kwamba umetengenezwa kwa ajili ya nchi za tropiki, na yeye akaniambia, "Dada, huu ndio wenyewe kwa nchi yetu ya joto." Nami niliyekulia Uporoto, ambako mwezi wa sita baridi ya alfajiri huunguza majani ya viazi yakawa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto, nilitikisa kichwa kukubali na nikatoa fedha. Tangu hapo wavuvi wenzangu watatu, wawili wa Iringa na mmoja wa Njombe, wamenieleza kisa kilekile kwa maneno yanayokaribiana sana, na hilo ndilo lililonifanya niuandike mwongozo huu.

Sitazungumzia rangi, wala mshipi upi unafika mbali zaidi, kwa sababu katika mito yetu samaki mwenyewe mara nyingi yuko mita nane mbele yako. Nitazungumzia jambo moja ambalo wauzaji hawaliulizi na wanunuzi hawalijui, nalo ni jinsi mshipi unavyofanya unapokutana na maji ya baridi.

Mshipi wa nzi wa bandia si nailoni tupu kama ile inayovuliwa sangara kule Mwanza. Nzi wa bandia hana uzito wa kumpeleka popote, kwa hiyo kinachorushwa hasa ni mshipi wenyewe, na nzi hufuata nyuma akiwa amefungwa kwenye uzi mwembamba wa mwisho. Ndani ya mshipi mna kiini cha uzi, na juu yake limepakwa ganda la plastiki, mara nyingi PVC iliyochanganywa na dawa ya kulainisha. Katika mshipi wa tropiki ganda hufanywa gumu makusudi, na mara nyingi kiini huwa ni uzi mmoja mzito wa nailoni, ili mshipi usilegee kama tambi juu ya bahari yenye joto la nyuzi 28 au zaidi. Utie mshipi huohuo katika maji ya nyuzi 11, kama nilivyoyapima asubuhi ile, nao utashika umbo la rili ulimolala na kukataa kuliacha. Mshipi wa maji ya baridi una ganda laini, na kiini chake ni nyuzi nyingi nyembamba zilizosukwa pamoja, kwa hiyo ukiuvuta kidogo tu unatulia.

Mtu anaweza kusema kwamba mikunjo michache si kitu. Katika kijito cha mawe kinachokimbia labda si kitu, lakini mto wa chini ya bwawa una tabia yake. Bwawa likiwa na kina cha kutosha, jua hupasha maji ya juu na yale ya chini hubaki baridi, kwa hiyo bomba linalochota karibu na sakafu ya bwawa huupa mto maji baridi, maangavu na yasiyobadilika sana, hata mchana wa jua kali. Trauti, ambaye si samaki wa asili wa Afrika Mashariki bali aliletwa na Waingereza wakati wa ukoloni (huko Kenya tangu mwaka 1905), hutaabika maji yanapozidi takriban nyuzi 20, ndiyo maana hunenepa mahali kama hapo. Chakula chake kikubwa hapo ni wadudu wadogo mno mfano wa usubi. Wavuvi wa mto San Juan, chini ya bwawa la Navajo katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, wanajulikana kwa kutumia ndoana za namba 20, 22 na hata ndogo zaidi (namba ikikua, ndoana hupungua), ambazo ukiziweka kiganjani utadhani ni punje za mtama.

Maji yanapokwenda taratibu mahali kama hapo, trauti hupata nafasi ya kumkagua nzi wako. Kila pete ya mshipi ni springi ndogo inayojikunja na kumvuta nzi, na sentimita mbili tu za mvuto usio wa kawaida zinatosha kumfanya samaki ageuze mkia. Hata akiuma, sharti uvute pete zote zinyooke kwanza ndipo ndoana imshike, naye huitema kabla hujamaliza. Asubuhi ile niliumwa mara saba. Nilirudi nyumbani na samaki sifuri, na mjomba alirudi na wanne akiwa na mshipi wa miaka kumi na miwili.

Mshipi wa mjomba ni Cortland 444 wa rangi ya pichi, na sitaficha kwamba ndio ninaouweka nafasi ya kwanza, mbali kabisa na wa pili. Kampuni ya Cortland ilianza mwaka 1915 katika mji wenye jina hilohilo katika jimbo la New York, na mshipi huu ni wa siku nyingi kiasi kwamba vijana wanaupita dukani wakidhani umepitwa na wakati. Ganda lake ni laini sana. Nimeuona ukitolewa kwenye rili alfajiri wakati majani ya ukingoni yana sakitu, ukavutwa mara moja tu kwa urefu wa mikono iliyonyooshwa, ukalala juu ya maji kama uzi uliolowa. Chagua wenye alama DT5F. Herufi mbili za mwanzo zinaonyesha kwamba mshipi umechongoka ncha zote mbili, namba ni uzito wake, na F ya mwisho maana yake unaelea. Wauzaji husukuma ule wa WF, ambao uzito wake wote umewekwa mbele ili ufike mbali, lakini wa DT ukichakaa upande mmoja unaugeuza na kuanza upya na upande wa pili. Kwa bei moja umepata mishipi miwili, na pengine ndiyo sababu hausukumwi.

Nafasi ya pili ninaipa mishipi ya trauti ya Scientific Anglers, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1945 huko Midland, Michigan. Inaelea juu kuliko wa Cortland na huteleza vizuri katika pete za fimbo. Tahadhari yangu ni moja tu: kampuni hiyohiyo inatengeneza pia mishipi ya bahari ya joto, na masanduku yake yanafanana, hivyo soma mpaka neno la mwisho.

Ya tatu ni Airflo ya Wales, ambayo ganda lake ni la poliyurethani, plastiki ya aina nyingine, badala ya PVC. Inafaa kwa mtu asiyeweza kuvua bila kujipaka dawa ya mbu, kwa kuwa dawa nyingi za mbu zenye DEET zikigusa ganda la PVC hulila mpaka likapasuka. Mimi hupaka dawa kwa mgongo wa mkono na kubaki na Cortland yangu.

Kuna pia mishipi ya hariri, ambayo ni myembamba na haina matatizo ya pete, ila sharti ipakwe mafuta ili ielee na ianikwe kila jioni. Kwa mtu aliyestaafu ni starehe. Mishipi isiyo na jina inayouzwa mtandaoni kwa bei ya kuku wawili inaelea kwa majuma machache, kisha ncha yake huanza kuzama, na sina la kuongeza juu yake.

Sasa nije kwenye kupima, kwa sababu neno la muuzaji si kipimo. Ninapokwenda dukani hubeba kopo la plastiki lenye mdomo mpana, hununua chupa mbili za maji yenye barafu kutoka friji ya soda ya jirani, na kuomba nitumbukize mita mbili za mwanzo za mshipi kwa dakika kumi. Ukiutoa, ushike ncha na uuache uning'inie. Ukinyooka wenyewe, au baada ya kuvutwa mara moja, lipa. Ukibaki na mawimbi ya ukubwa wa kifuniko cha birika, funga kopo lako uondoke. Muuzaji mmoja aliniambia, "Mama, mshipi si soda, hauonjwi," nami nikamjibu kwamba hata kitambaa cha gauni tunakinyoosha kwenye mwanga kabla ya kukatiwa. Hakunipa ruhusa, na sikununua.

Wako pia wanaouza mishipi iliyoachwa na wageni waliowahi kufanya kazi kwenye mashamba ya chai, ikiwa imezungushiwa gazeti na haina alama yoyote. Humo unaweza kuokota mshipi mzuri sana, lakini uzito wake huujui, na mshipi usiolingana na fimbo ni taabu tupu. Kwa kipimo kilichokubaliwa mwaka 1961, mita 9.14 za mwanzo za mshipi namba 5 zina uzito wa kama gramu 9.1, na zile za namba 6 zina takriban gramu 10.4. Mizani nyingi za jikoni hazioni vizuri tofauti ndogo kama hiyo. Mimi hupeleka wangu kwa jamaa anayenunua dhahabu ya Chunya, ambaye mizani yake inasoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, na ambaye mara ya kwanza alinitazama kama mtu aliyepotea njia. Unapima urefu kwa futi kamba, unaziviringa hizo mita tisa juu ya sahani ya mizani, na sehemu iliyobaki unaishikilia hewani pembeni ili isiongeze uzito.

Aliyekwisha kununua mshipi wa tropiki atauliza kama kuna dawa. Unaweza kuuloweka katika maji ya moto kiasi cha kuogea mtoto, kisha ukaufunga kwenye mti na kuuvuta polepole kipande kwa kipande. Nilifanya hivyo, ukanyooka vizuri uani, na baada ya nusu saa mtoni ukakumbuka rili yake. Rili yenye mhimili mpana husaidia kidogo kwa kuwa pete zake huwa kubwa, lakini hiyo ni kununua kitu cha pili ili kutetea kosa la kwanza.

Kinachoniudhi zaidi ya fedha ni kwamba maduka machache yenye bidhaa hizi yapo pwani na yanaagiza kwa ajili ya watu wa pwani, kisha mtu wa Mbeya au Makete akifika anapewa kilekile kwa maelezo kwamba nchi ni moja. Bei hutajwa kwa dola, ukilipa kwa shilingi unahesabiwa kwa kiwango cha muuzaji mwenyewe, na ukirudisha mzigo unaambiwa sanduku limefunguliwa. Nilimpigia yule kijana nikamweleza habari ya nyuzi 11. Alicheka akasema, "Dada, huko kwenu ni Ulaya," kisha akanitajia bei ya mshipi mwingine.

Ule wa kwanza bado uko kabatini, WF6F, ukiwa ndani ya sanduku lake. Kama kuna msomaji anayekwenda kuvua Mafia au Kilwa, ambako bila shaka utanyooka kama kamba ya ngalawa, nitamwachia kwa shilingi 120,000, na kopo la kupimia nitakuja nalo.