Uzoefu wangu: wolpepa kwenye choo kidogo cha wageni, Tabata

Choo chetu cha wageni kina urefu wa mita 1.8 na upana wa mita 1.2. Nimekibandika wolpepa mara mbili. Ya kwanza niliibandua yote, ya pili ipo mpaka leo. Naandika kwa sababu kabla ya kununua nilitafuta mtu wa Dar aliyeshaijaribu bafuni, nikawakuta wenye sebule tu.

Mara ya kwanza nilichukua Kariakoo ile inayojibandika yenyewe, unavua karatasi ya nyuma unagandisha. Muuzaji alisema haipitishi maji, na kweli haipitishi. Ndiyo shida yenyewe, maana unyevu ulioko ndani ya ukuta nao unakosa pa kutokea. Niliibandika Januari. Masika ilipokolea, mwezi wa nne, ncha za juu zikaanza kujikunja. Nilipoivuta, nyuma kulikuwa na madoa meusi ya fangasi na harufu kama ya nguo zilizolala na maji. Mwanangu ana pumu, kwa hiyo siku hiyo hiyo niliing'oa yote.

Unyevu ulitoka wapi? Bomba dogo linalopeleka maji kwenye tangi la kuflashi lilikuwa linavuja taratibu, tone kwa tone, nyuma kusikoonekana. Nikalitengeneza, nikasugua ukuta kwa jiki, nikauacha wazi hadi Julai. Kama ukuta wako una jasho, usinunue chochote kwanza.

Safari ya pili nikachukua ya vinaili, yaani yenye uso wa plastiki, ya kupaka gundi ya unga, na nikatafuta fundi aliyeizoea. Kuanzia sakafuni mpaka mita 1.5 tulibakiza marumaru, wolpepa ikaanzia hapo kwenda juu, maana sehemu inayorushiwa maji haifai kuwekwa karatasi. Roli moja ina upana wa sentimita 53 na urefu wa mita 10. Fundi alipiga hesabu ya vipande 12 vya mita 1.2, na kwa kuwa maua lazima yakutane, kila kipande kikawa kinakula karibu mita 1.6. Roli mbili kamili. Nilinunua tatu, na nashukuru, kwa sababu vipande viwili viliharibika. Angalieni namba ya toleo kwenye lebo za roli zote. Dukani niliwekewa moja ya namba tofauti, na tulipoiweka juani karibu na wenzake rangi ilikuwa imepauka kidogo. Nilirudisha.

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili, na kilichotutesa ni ufinyu wa nafasi. Mle ndani meza haiingii, kwa hiyo gundi ilipakwa kwenye korido, juu ya mlango wa zamani uliolazwa kwenye viti vya plastiki. Karatasi ikishapakwa, fundi aliikunja upande wa gundi kwa ndani, akaiacha dakika tano. Nilimharakisha, akanijibu, "Dada, iache inywe kwanza. Ikifuria ukutani itatoa mapovu." Kipande kimoja nilichomlazimisha kukiwahisha ndicho kilichotoa mapovu.

Ukuta wetu ulikuwa na rangi ya mafuta, unang'aa, gundi inateleza. Fundi aliupiga msasa mpaka ukafifia, akafuta vumbi, akaupaka gundi nyepesi na kuuacha ukauke. Nilidhani anapoteza muda. Sasa naona hiyo ndiyo kazi niliyomlipia.

Kwenye kona nilijifunza jambo. Kona za nyumba zetu hazijanyooka, na yangu ilikuwa imepinda karibu sentimita moja juu hadi chini. Fundi hakupitisha karatasi nzima konani. Alikata kipande ili kivuke kona kwa sentimita mbili tu, kisha akashusha timazi ukuta wa pili na kuanza kipande kipya juu ya ule ukingo, wima. Ukitazama kwa karibu utaona ua moja limekatika kidogo. Ukiwa umesimama mlangoni huoni kitu. Pia alianzia nyuma ya mlango, ili mwisho usiolingana uangukie juu ya mlango ambako jicho haliendi.

Tulibishana kuhusu tangi la kuflashi, maana letu limefungwa juu, kwenye eneo la karatasi. Mimi nilitaka akate karatasi kulizunguka, yeye akataka lishuke. Nyuma yake mkono wangu haupiti, brashi ndiyo kabisa. Lilishushwa, karatasi ikapita safi. Kwenye kioo cha juu ya sinki hatukufanya hivyo ili kuokoa muda, na hapo ndipo kiungo kimeanza kunyanyuka, sentimita kama tatu. Nitakigandisha.

Mwisho alipaka silikoni mstari mwembamba kati ya marumaru na karatasi. Masika ya mwaka huu imepita, na kona zote zimeshika. Dirisha tunaliacha wazi kila baada ya mtu kuoga.

Kipande kilichobaki nimekiviringisha na kukiweka juu ya kabati, lebo yake ikiwa ndani.